Miaka Minane kwa Miwili

Bondeni, Nakuru
Jumapili, 14 Oktoba 2007

Mpendwa Baba,

Kazi yetu inaanza Jumatatu ya wiki ijayo, tarehe 22. Ametangaza msimamizi wetu, Bi. Unnati, jana jioni. Nimetanguliza habari mpya na aliyeisema, kama ulivyonizoesha tangu ukiwa mwandishi wa redio. Sasa niruhusu nisalimie kama watu wengine. Hamjambo hapo Olenguruone? Mgongo wa Mama unamruhusu kuvuna viazi? Mimi ni mzima. Nimepata jirani mpya anayekaanga samaki kila jioni, kwa hiyo nguo zangu zote zinanukia ziwa.

Na mguu wako? Mama alinipigia akiwa kule kilimani simu inakoshika, akasema gambuti ilikuchubua kidole na kidonda kinakataa kufunga. Mtu mwenye sukari hana kidonda kidogo, Baba. Usikifunge kwa kitambaa cha jikoni. Nenda kituo cha afya, kwa Wasike.

Uliniuliza kazi hii ni ya nini. Chuo kimoja cha Nairobi kinataka kujua sisi watu wa kawaida tunaipa afya thamani gani. Si bei ya dawa. Tunapita nyumba kwa nyumba, tunamweleza mtu hali fulani ya ugonjwa, halafu tunamuuliza angetoa miaka mingapi ya maisha yake ili asiwe katika hali hiyo. Majibu ya watu wote yakijumlishwa na kugawanywa, kila hali inapata nambari yake: moja ni uzima, sifuri ni kifo. Bi. Unnati anasema nambari hizo zitawasaidia wanaopanga bajeti kujua matibabu yapi yatangulie, na kwamba mpaka sasa tumekuwa tukiazima nambari za watu wa ng'ambo, kana kwamba mgongo wa Mama na wa mama wa kule unauma sawasawa.

Ametuagiza tufanye mazoezi na mtu mzima asiyecheka ovyo. Nikakufikiria wewe. Swali ndilo hili: fikiria umebakiza miaka kumi, na yote kumi uko kitandani. Hutembei, unaogeshwa na mtu mwingine, una maumivu makali. Au uishi miaka isiyofika kumi, lakini ukiwa mzima kabisa, halafu ufe. Ungekubali miaka mingapi ya uzima badala ya ile kumi ya kitandani?

Hakuna jibu sahihi wala la makosa. Jambo moja tu: hakuna nafasi ya "sijui". Mtu akisema hajui, tunasubiri mpaka aseme nambari.

Nampa dereva Lewis barua hii akirudi na lori lake la viazi. Jibu kwa njia hiyo hiyo, usipande kilima kwa ajili ya simu.

Ni mimi binti yako,
Cheptanui


Olenguruone
Jumapili, 28 Oktoba 2007

Binti yangu Cheptanui, chamgei.

Swali lako lilijibiwa Jumapili iliyopita, tarehe 21, baada ya kanisa, mbele ya mashahidi wawili. Aliyejibu ni mimi. Sisi hatujambo. Mama anasema mgongo ni wake na atauvunia viazi apendavyo. Mvua haijakatika, na barabara unaijua.

Nitakueleza kwa utaratibu. Nilisoma barua yako mara mbili, nikaona si jambo la kujibiwa ndani ya nyumba. Mtu anayetaja miaka ya kifo chake akiwa peke yake chumbani anafanana na anayejilaani. Neno kama hilo linasemwa nje, mchana, mbele ya watu wanaoweza kulishika. Ndivyo tulivyoweka mpaka kati yangu na Ndung'u mwaka wa tisini na nane, baada ya vile vita vya makabila yetu, na mpaka huo haujasogea hata unyayo mmoja. Kwa hiyo nilimwita Ndung'u kutoka kwenye mashine yake ya kusaga posho, na Kimutai, rika langu. Tukakaa pale pale mpakani.

Kimutai alikataa swali zima. Alisema miaka si yake, hawezi kuiuza hata siku moja. Ndung'u, kwa kuwa ni mfanyabiashara, alitaka kujua inaenda wapi ile inayotolewa. "Kama kuna mtu anaipokea," akasema, "nionyeshe ofisi yake." Tulicheka sana. Kimutai akamwambia ofisi iko Nairobi, kama ofisi zote zinazopokea.

Kisha nikajibu. Unakumbuka kitanda cha babu yako, au ulikuwa mdogo mno? Alilala miaka minne. Nilimgeuza mimi, nilimwosha mimi, na kila siku aliangalia ukutani, si usoni pangu. Kwa hiyo kitanda hicho sikuhitaji kukifikiria. Nilisema: kati ya kumi natoa minane, nipewe miwili ya kusimama kwa miguu yangu. Ndung'u aliuliza, "Minane?" Nikasema minane. Tukanywa maziwa ya mursik kutoka kibuyu kimoja, tukaachana.

Mwambie Bi. Unnati hivyo.

Kidole bado. Kidonda kimetulia. Wasike nitamwona njia ikikauka.

Baba yako,
Kipsang


Bondeni
Jumapili, 18 Novemba 2007

Mpendwa Baba,

Bi. Unnati amesema tumefika nusu ya nyumba tunazotakiwa. Natumaini barua inawakuta salama. Mimi nimechoka miguu lakini sijambo.

Jibu lako nilimsomea. Alisema lingekuwa na thamani ya sifuri nukta mbili, kwamba hiyo ni namna ya kuandika miwili juu ya kumi, kisha akasema halitaingizwa popote kwa sababu wewe ni baba yangu na ulikuwa wa mazoezi. Nataka ulielewe hilo, Baba. Lilikuwa zoezi. Hata karatasi yenyewe sikuijaza.

Watu wa hapa wamenifunza mengi. Tuna picha ya kipimajoto, juu mia, chini sifuri, mtu aonyeshe afya yake iko wapi. Wengi wanaichukua kama mtihani, wananiuliza alama za kupita ni ngapi. Kijana mmoja alinisalimia "niaje siste", akasikiliza swali la miaka mpaka mwisho kwa adabu, akasema yeye anatoa yote kumi akipewa pikipiki leo. Mama mmoja anayeuza mboga ya sukuma alinitazama, akasema, "Umekuja kuniandikia kifo saa hii, na bado sijauza?" Nikanunua sukuma, nikaenda zangu.

Kuna wazee wawili wenye duka la vifaa vya ujenzi, Mzee Jasbir na mkewe Rupinder. Mzee alipooza upande mmoja miaka mitatu iliyopita. Analala kwenye chumba nyuma ya duka, anasikia wateja, anapaza sauti kuwaambia bei kabla mkewe hajafungua mdomo. Nilimuuliza. Alifikiri sana. Akasema anaweza kutoa mwaka mmoja, basi. Nikamuuliza tena, ndivyo tunavyoagizwa. "Mmoja, beti," akasema. Beti ni binti kwa lugha yao. "Chai bado ni tamu."

Mkewe alikuwa amesimama na beseni. Aliniambia, "Hiyo miaka kumi ni yangu pia. Ni mimi namwosha. Mbona mimi huniulizi?" Nilitafuta kwenye karatasi zangu. Hakuna mahali pa kumuuliza hivyo.

Nimekuandikia haya makusudi. Bi. Unnati anasema imeonekana mahali pengi: aliye mzima hutoa miaka mingi, aliye ndani ya ugonjwa hutoa michache. Tukiwa nje ya hali tunaiogopa kuliko ilivyo.

Umemwona Wasike? Nijibu hilo kwanza.

Binti yako,
Cheptanui


Olenguruone
Jumapili, 9 Desemba 2007

Binti yangu,

Nimemwona Wasike. Amesema vidole viwili vimekufa na mguu unavifuata. Amesema nishuke Nakuru nikakatwe chini ya goti, na nikichelewa watakata juu yake. Nanukuu: "Mzee, ni mguu ama ni wewe." Nilimwambia swali hilo nilishaulizwa na nilishajibu.

Salamu zako tulizipata. Mama anaumwa na mgongo na hasira.

Usiniletee habari ya mzee wa dukani. Namheshimu. Lakini yeye yuko kwenye sakafu ya simiti, na mkewe ana bomba la maji ndani. Choo chetu kiko chini ya mteremko. Mwezi huu mimi mwenyewe, na miguu miwili na fimbo, nimeanguka njiani humo zaidi ya mara moja. Mkinikata nitabebwa. Atakayenibeba ni Mama, ambaye hawezi kubeba debe la maji. Wewe uko Nakuru. Nani mwingine?

Ndung'u alikuja Jumanne. Alileta unga na maneno. Alisema, "Kipsang, mimi nilidhani siku ile tunacheza. Chukua neno lako, mimi sina haja nalo." Nilimwambia maziwa hayanywewi kwa mchezo, wala mpaka wetu hatukuuweka kwa mchezo. Kimutai alikuwepo, akaniunga mkono: mtu akisema hili Oktoba na lile Desemba, ataaminiwa kwa lipi? Ndung'u alichukua kofia yake. Alisema wazee wa huku tutakufa tukiwa sahihi.

Nilituma habari redioni miaka thelathini. Habari yangu haikuwahi kusomewa masahihisho. Siwezi kuanza na hii.

Baba yako,
Kipsang


Bondeni
Jumapili, 16 Desemba 2007

Baba,

Kliniki ya upasuaji itakupokea Alhamisi tarehe 3 Januari. Aliyesema ni muuguzi mkuu wa kliniki, na ameandika jina lako. Kabla ya hapo madaktari wengi wako likizo, na uchaguzi ni tarehe 27. Natumaini mko salama. Mimi ni mzima wa mwili tu.

Nimeisoma barua yako mpaka nikaishika kichwani. Swali halikuwa juu yako. Lilikuwa juu ya mtu asiyekuwepo, amelala hawezi kugeuka. Mtu aliyekatwa mguu chini ya goti anakaa, anashika gongo, anatoka barazani, anabishana na Kimutai. Hiyo ni hali nyingine kabisa. Ukiniruhusu nikuulize juu ya hiyo, hutatoa hata mwaka. Sikuulizi. Sitamuuliza tena mtu ninayempenda swali lolote la kazi hii.

Choo nitajenga kingine karibu na nyumba. Nimeshaongea na fundi. Nimeongea na Mama pia, nawe hulijui hilo.

Wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba kauli inachukuliwa pamoja na swali lililoizaa. Swali lilikuwa baya, Baba. Nililileta mimi. Liondoe pamoja na jibu lake.

Lewis atakuja kukuchukua tarehe 2. Atakuketisha mbele.

Binti yako,
Cheptanui


Nakuru mjini
Jumapili, 3 Februari 2008

Baba na Mama,

Sijui kama mko hai tangu vita vya uchaguzi vianze. Nampa padri barua hii. Amesema atajaribu kupanda huko na gari la msaada barabara ikifunguliwa, wala hakutaja siku.

Mimi ni mzima. Niliondoka Bondeni Jumamosi tarehe 26 Januari. Jirani yangu wa samaki alinigongea akasema nitoke kwa sababu majina ya wapangaji yanaulizwa, kujua kabila. Alibeba godoro langu yeye mwenyewe mpaka barabarani kisha akarudi. Sijui aliko. Nimelala wiki nzima kwenye stoo ya Mzee Jasbir na Rupinder, katikati ya mapipa ya misumari. Hawakuniuliza nitakaa mpaka lini. Mzee anasikiliza milio ya risasi kama anavyosikiliza wateja, anasema hii iko mbali, hii iko karibu. Anakisia vizuri.

Tarehe 3 Januari nilikwenda kliniki hata hivyo. Nilijua lori halishuki. Muuguzi aliita jina lako mara mbili, nikanyoosha mkono, nikasema hayupo. Alipiga mstari akaita mwingine.

Simu yenu haishiki. Lewis hapatikani. Kazi ya Bi. Unnati imesimama, na vipimajoto vyote viko sandukuni.

Mguu uko vipi? Mama aandike kama wewe huwezi. Hata neno moja.

Binti yenu,
Cheptanui


Olenguruone
Jumapili, 17 Februari 2008

Binti yangu,

Padri alifika jana. Tumejua uko hai. Mama ameiweka barua ndani ya Biblia na hataki niisome bila yeye. Wape asante wazee wa dukani. Kongoi, waambie hivyo hivyo. Watauliza maana yake.

Mashine ya posho ya Ndung'u na nyumba yake vilichomwa asubuhi ya mwaka mpya. Anayesema ni mimi, na nasema nilichokiona nikiwa kwenye kiti barazani, si zaidi.

Nilichoona ni moshi, kwanza mweupe, halafu mweusi wa dizeli. Vijana wengi walipita nje ya mpaka wangu. Baadhi yao niliwafundisha shule ya Jumapili. Majina ninayo, si ya kubebeshwa padri. Nilichosikia ni Wangeci, mke wa Ndung'u, akiita. Hakuita chifu. Aliita jina langu. Kisha akaita tena. Niliinuka nikaanguka kati ya kiti na nguzo, na pale chini nilibaki. Mama alikwenda. Walimgeuza njiani kwa maneno ambayo hataki kunirudia. Ndung'u na Wangeci walipita shamba la nyuma wakapanda lori la Lewis. Nimesikia walifika Nakuru. Sijathibitisha.

Kimutai alikuwa barabarani, kasimama kwa miguu yake miwili mizima. Hakuwazuia. Tangu siku hiyo haji kwangu, nami simwiti.

Kwa hiyo sasa najua ile miwili ya kusimama ilikuwa ya kazi gani. Ningeitoa yote kwa asubuhi ile, mguu ukiwa chini yangu. Labda ningepigwa tu nikalala karibu na mashine. Lakini Wangeci angeniona nimefika mpakani.

Mguu unanuka. Wasike alikuja kwa miguu kwa kuwa gari halipo, na dawa zimeisha. Amesema sasa ni juu ya goti na hakuna wiki nyingi. Mama anageuka ukutani akilia. Ukuta ule ule wa babu yako.

Usidhani ni kiburi. Kiburi kiliisha tarehe moja Januari. Neno lile niliwapa watu wawili walishike. Ndung'u alitaka kunirudishia Desemba nikamfukuza nalo. Nitaanzaje sasa kusema nataka kupona? Mbele ya nani? Mmoja simtazami. Mwingine nilimwacha achomewe nyumba.

Baba yako,
Kipsang


Nakuru
Jumapili, 2 Machi 2008

Baba,

Daktari wa upasuaji amesema Ijumaa tarehe 14 Machi, saa tatu asubuhi, kama utalazwa siku moja kabla na kama utatia sahihi mwenyewe. Nimemsikia kwa masikio yangu. Barabara imefunguliwa tangu viongozi waweke sahihi zao za amani Alhamisi. Lewis amerudi kazini. Ndiye anayekuletea hii.

Natumaini Mama amelala usiku mmoja mzima. Mimi ni mzima.

Ndung'u nimempata. Ni kweli, sasa imethibitishwa. Wako kwenye hema, katika kambi ya waliofukuzwa pale uwanja wa maonyesho. Nilizunguka siku mbili nikiuliza watu wa Olenguruone, na wengine waliposikia jina langu waliacha kunijibu. Nilimkuta kwenye foleni ya maji. Amekonda. Alisema tu, "Wewe ni wa Kipsang," wala halikuwa swali.

Nilimweleza habari ya mguu, yote, na ulichoandika juu ya mashahidi. Alisikiliza huku akisukuma mtungi kwa mguu kila foleni iliposogea. Kisha akauliza, "Wangeci alimwita. Alisikia?"

Nikasema ulisikia. Nikasema uliinuka ukaanguka, na Mama ndiye alikwenda.

Aliendelea kusukuma mtungi mpaka tukafika karibu na bomba. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, sijaongeza wala kupunguza: "Mwambie neno la mguu nimerudisha. Ni lake, achukue. Nilitaka kumpa Desemba nikiwa na nyumba. Hayo mengine bado. Usiende kumwambia nimesamehe, sijasema hivyo."

Nilimuuliza kama anaweza kuja kukuambia mwenyewe. "Nipitie wapi?" akasema. Akajaza mtungi. Nilitaka kumsaidia kubeba, akanikataza. Wangeci hakutoka hemani.

Kazi inaanza tena Jumatatu tarehe 10. Duru hii ya pili ilipangwa tangu mwanzo: tunawarudia watu wale wale na swali lile lile, ionekane kama majibu yanasimama. Bi. Unnati amepiga hesabu, nusu ya milango yangu imefungwa. Mama wa sukuma nilimwona kambini. Aliniita yeye. "Sasa uliza," akasema, "leo niko na nafasi." Sikuwa na karatasi. Mzee Jasbir naye anashikilia mwaka wake mmoja.

Baba, kitanda kipo, daktari yupo, lori lipo. Kilichobaki siwezi kukifanya mimi. Sikuandikii kwamba nakuomba, kwa sababu nimeshaomba.

Binti yako,
Cheptanui


Olenguruone
Jumamosi, 8 Machi 2008

Binti yangu,

Masahihisho. Katika jibu lililotolewa tarehe 21 Oktoba mwaka jana mbele ya mashahidi wawili, ilisemwa kwamba Kipsang wa Olenguruone angetoa miaka minane kati ya kumi. Jibu hilo limeondolewa. Aliyeliondoa ni mimi.

Nimelisoma kwa sauti leo asubuhi mpakani, upande wa Ndung'u, penye majivu. Mama na Lewis walinishika. Nilituma mtu amwite Kimutai, naye akaja. Alisimama mbali, akasikia, akaondoka. Hakuna aliyekunywa kitu.

Mama hajambo. Amefunga mizigo tangu jana, pamoja na sufuria ambayo nimemwambia haitahitajika.

Ulichoniandikia kuhusu Ndung'u nimekielewa, vyote viwili, alichorudisha na ambacho hajarudisha. Usimpelekee salamu zangu. Mpelekee habari: mwambie nilisimama kwake, nikachelewa miezi miwili. Mpaka haujaguswa. Vijana wamepanda fito za kujigawia shamba upande wake, na kila siku namtuma Mama azing'oe. Mwambie hilo pia, na ukimaliza usingoje jibu.

Wasike haahidi kitu. Joto limepanda tangu Jumatano, na anahofia sumu imeingia kwenye damu. Alisema wenye vipimo watajua. Nilimuuliza kama ingekuwa bora ningeshuka Januari. Alifunga mkoba wake.

Kuhusu swali lako, kama Bi. Unnati atataka kujua jibu la duru ya pili: sijui. Uliniambia hakuna nafasi ya neno hilo, kwamba mtu akilisema mnasubiri mpaka ataje nambari. Basi subirini.

Lewis atatupakia Jumatano alasiri, mimi mbele, Mama katikati. Kulazwa ni Alhamisi. Upasuaji ni Ijumaa tarehe 14 Machi, saa tatu asubuhi.

Baba yako,
Kipsang